Tiba ya majeraha ya moyo kupitia mwili: maoni yangu kuhusu huduma ya Mikocheni

Nawaandikia hasa wale ambao wameshaongea mpaka wamechoka. Walikaa kwa mshauri nasaha wakaeleza utoto wao wote, wakaelewa tatizo limeanzia wapi, kisha wakarudi nyumbani na kufanya yaleyale. Mimi nilikuwa huko kwa muda mrefu. Nilijua kwa nini ninanuna, na ningeweza kukupangia sababu zote moja baada ya nyingine. Lakini mume wangu akipandisha sauti, hata kama anabishana na muuza vipuri kwenye simu, taya lilibana, tumbo likaingia ndani, nikanyamaza hadi kesho yake jioni. Watoto walishazoea. "Mama leo haongei," wanaambiana, kisha wanapunguza sauti ya televisheni.

Huduma yenyewe iko Mikocheni, Dar es Salaam. Anayeitoa ni mama wa makamo, mwanasaikolojia ambaye baadaye alisomea pia tiba ya kiwewe kupitia mwili. Ameniomba nisimtaje jina kwa kuwa yuko peke yake na nafasi zake ni chache. Nimemheshimu. Kwa hiyo ninachokipima hapa ni tiba yenyewe na namna inavyotolewa, ili ukikutana nayo kwake au kwa mwingine ujue unaangalia nini.

Mimi ni mkunga. Nimefanya kazi leba miaka mingi, na naitazama tiba yoyote ya mwili kwa jicho la mtu ambaye kila zamu anashika mwili wa mwenzake akiwa kwenye hali ngumu kuliko zote. Mtu akiniambia "mwili unakumbuka", namuuliza unakumbuka wapi, kwa msuli gani, na yeye amejuaje. Nilienda na maswali hayo.

Chumba ni cha kawaida: viti viwili, mkeka, mito kadhaa, feni, birika la maji na glasi. Hakuna kitanda cha masaji, hakuna udi, hakuna muziki. Viatu unaacha mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza ningependa aniiteje. Nikamwambia Mama Salma. Kisha akatoa fomu, na hapo akaanza kunipata, maana maswali yalikuwa ya mtu anayejua kazi: una presha, umewahi kupata kifafa, una ujauzito, unatumia dawa gani, umewahi kufikiria kujidhuru, kuna mtu nyumbani anayekupiga. Hilo la mwisho aliliuliza polepole, akasubiri jibu. Alinieleza kwamba mtu ambaye bado anapigwa hahitaji kufundishwa kutulia. Anahitaji kwanza mahali salama, na yeye huanza na hilo.

Nilikuwa nimejiandaa kusimulia. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, nikapelekwa kwa shangazi Morogoro, kisha kwa mama mdogo Tabora, kisha kwa baba mkubwa huku Dar. Hakuna aliyenitesa. Nililishwa, nikasomeshwa, na ninawashukuru wote. Ila Tabora nililala sebuleni, na godoro langu lilitakiwa liwe limekunjwa na kusimamishwa nyuma ya kabati kabla mtu yeyote hajaamka. Nilijua hali ya nyumba kwa mlio wa geti. Begi langu la nguo halikuwahi kufunguliwa lote.

Hakuniuliza hata moja kati ya hayo. Aliniambia nichague kiti, nikakaa. Akashika kiti chake akauliza, "Mama Salma, mimi nikae wapi?"

"Popote tu, mama."

"Popote hapana. Nitakisogeza kidogo kidogo, wewe uniambie."

Akakiweka karibu kabisa, magoti yetu yanakaribia kugusana. "Hapa?" Nikasema sawa. Akanitazama, akasema, "Umesema sawa, lakini umeacha kupumua." Kweli nilikuwa nimeacha. Akarudi nyuma hatua moja, akauliza tena. Akarudi tena. Akageuza kiti kiasi asinielekee moja kwa moja. Alipofika karibu na dirisha nilisikia mbavu zikifunguka, pumzi ikashuka hadi chini ya kitovu, na machozi yakatoka bila kwikwi. Sikuwa nawaza kitu chochote cha kuhuzunisha. Nilikuwa nimeulizwa mwenzangu akae wapi, na jibu langu likafuatwa.

Hiyo ndiyo tiba, kwa sehemu kubwa. Kama unatafuta kitu cha ajabu zaidi ya hapo, hutakipata kwake.

Maelezo ya kitaalamu nilimdai mwenyewe, naye alinipa bila kuzunguka. Njia anayoitegemea zaidi inaitwa Somatic Experiencing, iliyoanzishwa na Mmarekani Peter Levine kuanzia miaka ya 1970. Levine aliwatazama wanyama wa porini wanaowindwa kila siku, akajiuliza kwa nini hawaonekani kubaki na kiwewe kama sisi. Hoja yake ni kwamba mwili ukikutana na hatari hujiandaa kupigana au kukimbia, na visipowezekana huganda. Kama maandalizi yale hayakupata pa kuishia, mishipa ya fahamu hubaki kwenye tahadhari, na baadaye kitu kidogo tu kinatosha kuiamsha. Kwa hiyo mtaalamu hakurudishi kwenye tukio zima. Anakugusisha ukingo wake tu, anasubiri mwili utulie, kisha anakugusisha tena.

Halafu kuna habari ya neva ya vagasi. Hii naijua tangu chuoni: ni jozi ya kumi kati ya jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo, inashuka hadi moyoni, mapafuni na tumboni, na nyuzi zake nyingi, takriban asilimia 80, hupeleka habari juu kutoka mwilini, wala si kushusha amri. Ukitoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo hupungua. Hilo halina ubishi, na wakunga tunalitumia kila siku tunapomwambia mama mwenye uchungu atoe pumzi kwa mdomo kama anapuliza uji wa moto. Lakini juu ya ukweli huo Stephen Porges alijenga mwaka 1994 nadharia pana inayogawa vagasi katika matawi mawili, moja la kale la kuganda na jingine jipya la urafiki na usalama. Nadharia hiyo imependwa sana na watoa tiba, huku wanafiziolojia kadhaa wakiipinga, hasa ile hadithi yake ya mabadiliko ya viumbe. Nilimwuliza mtaalamu wangu kuhusu hilo. Akasema anaitumia kama ramani ya kuzungumzia hali za mteja na hamwambii mtu kwamba imethibitishwa. Jibu hilo lilinitosha, na nadhani kila anayetoa tiba hii anapaswa kulijibu hivyo.

Nirudi kwenye yale yaliyonisaidia.

Siku moja aliniambia nisimame nielekee ukuta, niweke viganja vyote viwili usawa wa kifua, nisukume. Nikasukuma kwa adabu. Akaniambia nisukume kwa miguu. Wakunga tunajua kusukuma kunakoanzia kooni na kusukuma kunakoanzia chini. Yeye alitaka kule kwa chini. Nikakanyaga sakafu, nikashusha nyonga, nikasukuma. Mikono ilianza kutetemeka, kisha mapaja, na nikasikia joto likipanda kutoka tumboni hadi usoni. Akauliza, "Kuna neno?" Nikasema, "Ondoka." Nikalirudia kwa sauti. Sijui hata nilikuwa namwambia nani. Pengine lile godoro, pengine kila mtu aliyewahi kuniambia nisogee nipishe. Akaniambia nipumzike, nitazame chumba, nitaje vitu vitano ninavyoviona. Feni, birika, mkeka wa bluu, mto, mwembe nje ya dirisha. Kisha tukakaa kimya hadi mikono ikatulia. Kazi yote ilikuwa dakika chache, na saa iliyobaki ilikuwa ya kutulia. Watu wanaofikiri tiba hii ni kulia na kupiga kelele wangeshangaa jinsi anavyopunguza kasi kila mara.

Kuhusu kutetemeka, nina la kusema. Kuna mazoezi yanayoitwa TRE, yaliyobuniwa na David Berceli, Mmarekani aliyeishi kwenye nchi zenye vita Mashariki ya Kati na Afrika. Unachosha misuli ya miguu, unalala chali na kukunja magoti, na mwili unaanza kutetemeka wenyewe, hasa kwenye mapaja na kwenye msuli mrefu unaounganisha uti wa mgongo na paja. Mtaalamu wangu aliwahi kunifanyisha kidogo. Inapendeza, unalala vizuri usiku. Ila kuna wanaofundisha kwamba kila tetemeko ni kiwewe kinachotoka. Leba naona wanawake wengi wakitetemeka mara tu baada ya kujifungua, meno yanagongana, tunawafunika na kuwapa chai ya moto. Anatetemeka aliyejifungua kwa furaha na anatetemeka aliyepoteza mtoto. Anatetemeka aliyepigwa sindano ya ganzi ya mgongo. Homoni zimo, joto la mwili limo, dawa zimo. Mwili una sababu nyingi za kutikisika, na anayekuambia anajua sababu moja tu anakupa uhakika ambao hana. Mtaalamu wangu hajawahi kuniambia tetemeko langu lina maana gani. Ananiuliza mimi linajisikiaje.

Siku iliyobadilisha nyumba yangu ni ile aliyokuja Baba Salma. Alitoka gereji moja kwa moja, na ovaroli lake, akakaa kwenye ukingo wa kiti kwa kuogopa kuchafua mto. Hakutaka kuja. Alikuja kwa sababu nilimwomba, na kuomba kwenyewe kulikuwa kitu kigeni kati yetu. Kwa miaka yote ya ndoa sikuwa na desturi ya kumwomba kitu. Nilikuwa najitafutia, naficha akiba, na akikaa kimya zaidi ya kawaida mimi moyoni nimeshafunga mizigo.

Mtaalamu hakutuuliza nani kaanza. Alimwambia, "Baba Salma, toka nje, halafu uingie kama unavyoingia nyumbani." Mume wangu akatoka. Mlango ukafunguka kwa nguvu, hatua nzito, funguo zikatupwa mezani. Mtaalamu akasema, "Simama hapohapo. Tazama mabega ya mwenzako." Mabega yangu yalikuwa yamefika masikioni. Sikuwa nimeyapandisha mimi. Alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi siku zote nilidhani nikirudi ananichukia."

Miaka yote hiyo alikuwa anakutana mlangoni na mabega ya mtoto wa Tabora, naye akidhani ni uso wa mke asiyemtaka. Akawa anaingia akiwa ameshakasirika, na mimi nikizidi kujikunja. Hakuna mshauri aliyewahi kutuonyesha hilo, kwa sababu tulikuwa tunalizungumzia tukiwa tumekaa, na lenyewe linatokea mlangoni.

Akatolewa nje tena, akaambiwa asimame, apige hodi, asubiri. Akasema hodi. Nikakaa nayo kidogo, mtaalamu hakunisukuma. Pumzi iliporudi nikasema karibu. Akaingia taratibu, funguo mkononi. Hadi leo Baba Salma anapiga hodi getini kwake mwenyewe, Temeke, mbele ya majirani, na watoto wanaitikia karibu baba kabla yangu. Bado kuna siku anasahau, na bado kuna siku mimi nanuna. Tofauti ni kwamba sasa nikisikia taya likibana naweza kumwambia palepale, "Nipe dakika, mwili wangu umeshtuka," na yeye anajua ninachosema.

Sasa ushahidi, maana sitaki mtu auze mbuzi wake kwa sababu ya habari zangu. Mwaka 2017 watafiti nchini Israel walichapisha jaribio la Somatic Experiencing kwa watu 63 wenye ugonjwa wa kiwewe. Waliohudhuria vipindi 15, kimoja kila wiki, walipungukiwa na dalili kuliko wale waliokuwa bado wanasubiri zamu. Kundi ni dogo, na kumlinganisha mgonjwa na mtu anayesubiri hakukuambii kama tiba hii inashinda nyingine. Huko Marekani, Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa wanawake 64 ambao kiwewe chao kilikuwa hakijaitikia tiba nyingine. Baada ya wiki 10 za yoga iliyoandaliwa kwa ajili yao, asilimia 52 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, dhidi ya asilimia 21 ya waliohudhuria darasa la afya ya wanawake. Matokeo yanatia moyo. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilitaja kwa watu wazima tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe pamoja na EMDR, ambayo mgonjwa hukumbuka tukio huku akifuata kwa macho mwendo wa mkono wa mtaalamu. Tiba za mwili za aina ninayoisifu hazikuwemo kwenye mapendekezo hayo.

Na kuna utafiti mmoja ambao kila nikiufikiria nasimama. Ulifanyika kwetu, Moshi, na Bungoma nchini Kenya, ukachapishwa mwaka 2020: watoto 640 waliofiwa na mzazi, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, na tiba ya maongezi inayolenga kiwewe ikitolewa kwa vikundi na watu wa kawaida waliofundishwa, wasio wanasaikolojia. Watoto wa Bungoma, mjini na vijijini, na wa vijiji vya Moshi, walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Hiyo ni tiba ya kuongea, tena ya bei ndogo, na ilifanya kazi kwa watoto wa aina niliyokuwa mimi. Kwa hiyo sitamwambia mtu aache kuongea. Kwangu maongezi yalinipa ramani ya utoto wangu, na mwili ukanionyesha mahali ninapoishi leo. Nimevihitaji vyote viwili.

Mtaalamu huyu aliniambia hayo mwenyewe siku za mwanzo: kwamba tiba hii bado inajengewa ushahidi, na kwamba nisipoona badiliko lolote baada ya muda atanielekeza kwingine. Nampa heshima kubwa kwa hilo.

Si wote wako hivyo. Kabla sijampata nilialikwa na rafiki kwenye semina ya uponyaji ya mwisho wa wiki, kwenye hoteli moja ya ufukweni. Tulilazwa chini watu wengi, muziki juu, mwendeshaji akatuamuru tupumue haraka na kwa nguvu bila kuacha. Baada ya muda binti aliyelala pembeni yangu vidole vyake vilikakamaa, vikajikunja ndani, midomo ikawa na ganzi, akaanza kulia kwa hofu. Mwendeshaji akasimama juu yake akitangaza kwamba maumivu ya utotoni yanatoka. Hayakuwa maumivu ya utotoni. Mtu akipumua haraka mno hewa ya kaboni dioksidi hupungua kwenye damu, kalsiamu inayofanya kazi hushuka, na misuli ya mikono hukaza. Tunaliona leba kila wiki. Niliketi, nikamshika mkono, nikampunguzia pumzi mpaka vidole vikafunguka. Nikaambiwa ninaharibu mchakato. Nililia njiani nikirudi, kwa hasira, kwa sababu binti yule alikuja akiwa na jeraha la kulazimishwa, na pale akalazimishwa tena.

Kwa hiyo nikishauriwa na mtu anayetaka kujaribu, nampa kipimo kimoja: sema hapana mapema, kwa jambo dogo, uone kinachotokea. Mimi nilifanya hivyo Mikocheni. Aliniuliza kama anaweza kuweka mkono mgongoni kwangu, nikasema leo hapana. Akasema asante kwa kuniambia, akaendelea na kazi nyingine, na hakuuliza tena hadi nilipoomba mwenyewe. Mguso kwake ni mkono uliotulia juu ya nguo, mgongoni au begani. Mtaalamu yeyote anayekuvua, anayekugusa bila kuuliza, au anayekuambia kukataa kwako ni ugonjwa, ondoka.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Pangani. Nilipomweleza ninakokwenda aliniuliza kama tunapunga pepo. Nikamweleza, akasikiliza vizuri, kisha akanisimulia mdogo wake aliyewahi kuchezewa ngoma: wanawake wa mtaa walijaa uani, wakaimba, wakapika, wakakaa naye usiku kucha, na alipoinuka waliinuka naye. "Ninyi mko wawili tu chumbani?" akauliza. Swali hilo limenikaa. Sitafuti mganga. Lakini majeraha yangu yaliingia katika nyumba zilizojaa watu, na tiba inatolewa kwenye chumba chenye mtu mmoja anayelipwa kwa saa. Ile siku ya Baba Salma ilinisaidia kuliko zote kwa sababu hatukuwa wawili. Ningependa mtaalamu afungue kikundi, hata cha wanawake wachache. Nimeshamwambia, anasema analifikiria.

Na huyu mama mkwe ndiye aliyenikanda nilipojifungua Salma. Maji ya moto, kitambaa, mikono yake iliyozoea, tumbo likifungwa kwa khanga, siku arobaini bila kuniruhusu kuinua ndoo. Nililia mikononi mwake siku za mwanzo, naye hakuuliza kitu, aliendelea kukanda. Tangu mama afariki hakuna aliyekuwa amenishika kwa muda mrefu namna ile. Nikisoma watu wakisema tiba ya mwili ni jambo la Wazungu, nawafikiria wanawake wa pwani na mabeseni yao ya maji ya moto.

Gharama. Saa moja ni shilingi 70,000, na bima ya afya haipokelewi. Kwa mshahara wa muuguzi hiyo ni fedha nyingi, na ndiyo lawama yangu kubwa kwa huduma hii: wanaoihitaji zaidi hawaifikii. Jumatano ana bei ya nusu kwa walimu, wauguzi na wanafunzi, ila nafasi zinajaa haraka. Mwanzoni nilienda kila wiki, sasa naenda mara moja kwa mwezi, na miezi ya ada za shule siendi kabisa. Anapokea malipo ya simu. Ukichelewa kwa foleni ya Mwenge muda wako hauongezwi, hivyo ondoka mapema. Hana mahali pa kusubiri zaidi ya benchi chini ya mwembe, na mvua ikinyesha unalowa. Simu hajibu akiwa na mteja, tuma ujumbe. Ninyi mnaotoka Mbagala au Temeke, ombeni muda wa saa nne asubuhi, jioni kurudi ni shida.

Nampendekeza kwa mtu mzima ambaye maisha yake kwa sasa yametulia kiasi, ambaye anajikuta anarudia jambo lilelile kwa kila anayempenda, na ambaye kuelewa hakujamtosha. Simpendekezi kama mlango wa kwanza kwa mtu asiyelala, asiyekula, anayesikia sauti au anayetaka kufa.

Wiki iliyopita mwenzangu wa zamu, aliyepoteza mtoto mwaka huu, aliniomba namba ya Mikocheni. Nilimwuliza kuhusu usingizi. Halali, na amepungua sana. Nimemwambia tuanze kwa daktari wa afya ya akili Muhimbili, nitamsindikiza mwenyewe Alhamisi nikitoka zamu ya usiku, apate kulala kwanza. Jumatano moja ya mwezi ujao nimemwombea nafasi kwa bei ya nusu, na daktari akisema yuko tayari, atakwenda.